Mwanya wa Mtangazaji wa Vifo

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina lake zuri tu, ila wakati mambo haya yanatokea jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati, kwa hiyo mtaniwia radhi, tutaiita Nchi. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mkifika mtaijua wenyewe, maana kila bango la barabarani lina meno.

Yote yalianza siku Mtukufu Kiongozi aliporudi kutoka ng'ambo alikokwenda kutibiwa mafua. Wananchi walikuwa wamepangwa uwanja wa ndege tangu alfajiri, na mlango wa ndege ulipofunguliwa wakaona kitu kinawaka, wakapiga makofi kabla hawajajua ni nini. Kumbe ni meno. Meno yake ya zamani, yaliyoitumikia Nchi kwa miaka mingi ya kula, yalikuwa yamevishwa maganda membamba ya kaure, ile ile ya vikombe vya wageni, kila jino na ganda lake. Ufizi nao ulikuwa umepunguzwa na kunyooshwa mpaka ukawa mstari mmoja. Mafua yalikuwa bado yapo.

"Ndugu wananchi," alisema Mtukufu, akapenga kamasi, "huko nimekwenda na nimeona. Nimejiuliza, mwekezaji akija kwetu, akasukuma mlango wa ofisi, anakutana na nini kwanza? Si bandari. Si umeme. Anakutana na meno ya karani!"

Kwa kuwa bandari na umeme havikuwapo, hoja hiyo haikupata mpinzani. Wiki hiyo hiyo Wizara ya Maji na Wizara ya Afya zikaunganishwa, kwa maelezo kwamba zote mbili zilikuwa zinafanya kazi moja ya kulalamika, ikazaliwa Wizara ya Haiba ya Taifa. Wizara ikatoa mwongozo. Weupe wa daraja la kwanza ukawekwa kwa ajili ya Mtukufu peke yake, na mtu mwingine akionekana nao angeshitakiwa kwa uhaini. Mawaziri wakapewa daraja la pili, wakuu wa mikoa la tatu, na watumishi wa kawaida wakapewa ule weupe wa maziwa ya unga yaliyozidishwa maji. Ufizi wa kila mtumishi ungepimwa kwa rula. Na mwanya, ile nafasi katikati ya meno ya mbele ambayo watu wa Nchi waliisifia kwenye nyimbo za harusi tangu mababu, ukapigwa marufuku. Waziri wa Haiba alieleza vizuri sana kwamba taifa lililoungana haliwezi kuwa na raia mwenye pengo ambalo adui anaweza kupenya.

Sasa hapo ndipo anapoingia Sudi Mtangi, maskini ya Mungu.

Sudi alikuwa mtangazaji wa vifo wa Redio ya Taifa. Kila siku saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, yeye ndiye aliyesoma fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Kazi hiyo aliifanya mpaka nywele zikaanza kumwacha. Nchi nzima ilimjua kwa sauti na karibu hakuna aliyemjua kwa sura, na yeye aliona ni sawa, kwani hata angekutana na watu wangemkimbia.

Naye alikuwa na mwanya. Si mwanya wa mchezo! Mwanya mpana, katikati kabisa, na ufizi mweusi ulioteremka kidogo hapo juu, urithi wa kwa mama yake. Kila neno lenye s lilipopita hapo lilitoa kamluzi kadogo, ka kama ka birika kabla halijachemka sawasawa. Na hebu fikiria maneno ya vifo: msiba, mazishi, anasikitika, masikitiko. Sudi alikuwa akipiga mluzi mwanzo mpaka mwisho. Watu walishazoea, wengine walisema bila kamluzi kale kifo hakijathibitishwa.

Aliyekapenda kuliko wote alikuwa mama yake, Bi Mize, aliyeishi Sengesenge, safari ya siku nzima kutoka mjini. Bi Mize alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia jicho moja, akafuata la pili. Kila saa saba aliwekewa redio juu ya kinu kilichogeuzwa chini juu, akainua kidole, na ole wako upitishe hata kikohozi. Sudi alikuwa na desturi ya kuanza kwa salamu: "Shikamooni wazee wetu." Na Bi Mize alimwitikia, tena kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Marahaba, mwanangu!" Majirani walicheka. Yeye hakujali. Kwake huko ndiko kuonana na mwanawe, na Sudi alilijua hilo, ndiyo maana akishasalimia alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, amwachie nafasi ya kuitika.

Mwongozo wa Haiba ulipofika redioni, Sudi aliingia ofisini kwa Mkurugenzi Kitundu, bwana mmoja mnene mwenye tai fupi, akiamini jambo hili litamalizwa kwa kicheko.

"Mkurugenzi, mimi ni mtu wa redio. Meno yangu nani anayaona?"

"Ndugu Sudi," Kitundu alijibu, naye alikuwa ameshatengenezwa, kila neno likitoka limeng'aa, "kama hayaonekani, basi kwa nini usiyabadili? Unaficha nini?"

Sudi akautazama ule mwongozo mezani.

"Halafu wewe si una mama haoni?" Kitundu akasogea karibu, akashusha sauti. "Soma huku chini. Mtumishi atakayejitokeza mapema, mzazi wake atatibiwa ugonjwa wowote bure, Hospitali Kuu. Wowote. Macho yamo."

Hapo Sudi alikwisha. Msimlaumu. Kwa muda mrefu alikuwa amempeleka mama yake mbele na nyuma, akiambiwa njoo mwezi ujao, mashine mbovu, daktari yuko semina. Akawaza, meno ni mfupa tu, mama ataniona. Akasema ndiyo, na alikuwa na furaha ya kweli alipolisema.

Hospitali Kuu alielekezwa kwenye jengo alilolijua vizuri, kwa sababu lilikuwa wodi ya macho. Kibao cha zamani kilikuwa kimepakwa rangi, kikaandikwa Kituo cha Tabasamu. Wagonjwa wa macho walikuwa bado wanakuja, kwani hawakuweza kusoma kibao kipya, na manesi waliwapokea kwa ukarimu wakawakalisha kwenye viti vya meno. Wengi walitoka na vinywa vizuri mno ambavyo hawatavijua kamwe.

Aliyempokea Sudi alikuwa Dakta Lweno, mwembamba, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Panua mdomo," alisema.

"Dakta, kabla hujaanza. Mama yangu ana mtoto wa jicho. Nimeambiwa nikishatengenezwa..."

"Anaitwa nani?"

"Mize binti Shomari, wa Sengesenge."

Dakta Lweno akaweka chini kikoleo. "Huyo namkumbuka. Alikuwa kwenye zamu yangu. Ningempasua mimi, mwezi huu."

"Wewe?"

"Mimi ndiye daktari wa macho."

"Na sasa?"

"Sasa ni wa fizi."

"Basi kwenye macho amebaki nani?"

Dakta alimtazama kwa huruma. "Ndugu, una maswali mengi kwa mtu anayetakiwa kuacha mdomo wazi."

Sudi alitaka kuinuka. Kweli alitaka, aliweka mikono kwenye kingo za kiti. Lakini nesi alikuwa ameshachoma sindano, na ganzi ilianza mdomoni, ikapanda shavuni, ikamkuta akiwa amenyanyuka nusu, ikamkalisha. Alimsikia daktari akimweleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza chumba cha pili, kwamba hiyo ni ganzi ya zabuni. Kampuni iliyoshinda ilikuwa na uzoefu mkubwa wa majosho ya mifugo.

"Itaisha lini?" Sudi aliuliza, au alidhani ameuliza.

"Kwa ng'ombe inaisha jioni. Kwa mtumishi wa umma bado utafiti unaendelea."

Wakamkata ufizi kwa rula. Wakamsugua meno mpaka yakabaki vijiti, wakayavisha maganda ya kaure, na mwanya wakauziba kwa kuongeza upana wa maganda mawili ya katikati. Mwisho wakasimama wakapiga makofi, kwani hilo ndilo walilofundishwa semina. Walipompa kioo, Sudi alimwona mwanamume mmoja nadhifu anacheka. Alijaribu kufunga mdomo na mwanamume hakuacha. Maganda yalikuwa manene kidogo, midomo haikuyafikia tena.

Alipewa masharti. Asitoke mjini mpaka ufizi upone, maana vumbi la vijijini linaharibu mng'ao. Na akirudi kazini asome kwa sauti yenye tabasamu. Kipindi chenyewe kilikuwa kimebadilishwa jina, hakiitwi tena Matangazo ya Vifo, kinaitwa Wametangulia kwa Furaha. Na ili huzuni isimpande usoni mapema, Wizara iliagiza msomaji asiyaone matangazo kabla. Atafungua bahasha hewani, asome kama yalivyo, neno kwa neno, afunge.

Akarudi kwenye kipaza sauti. "Shikamooni wazee wetu," akasema, akanyamaza kidogo kama kawaida. Kamluzi hakakutoka. Neno lilitoka limenyooka, limelainika, neno la mtu yeyote.

Sengesenge, Bi Mize aliinua kidole, akasikiliza, akakishusha. "Huyu nani?" aliuliza. Hakuitika.

Ganzi haikuisha jioni. Haikuisha kesho yake wala wiki iliyofuata. Ilitoka mashavuni ikateremka shingoni, ikaingia kifuani, ikakaa. Sudi alikunywa chai ya moto akaona malengelenge baadaye kwenye kioo. Mkewe, ambaye alikuwa amekwenda kwao kujifungua, alimpigia kumwambia amepata mtoto wa kike, na Sudi akasema vizuri, vizuri sana, akakata simu, akakaa kitandani akisubiri furaha. Haikuja. Alijua anampenda huyo mtoto. Alijua tu, kama unavyojua njia ya mahali ambako huendi tena, na jambo hilo lilimtisha, halafu hata kutishika kwenyewe kukafa ganzi.

Mama yake hakuwa na simu. Aliyekuwa nayo alikuwa Mjumbe Chande, jirani, mtu wa chama, aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Sudi akampigia.

"Mjumbe, mimi Sudi. Mwambie mama nimetengenezwa meno, nitakuja nikipona."

Upande wa pili Chande akafoka: "We tapeli! Huna haya? Unaongea umejaza uji wa moto mdomoni unajiita Sudi? Hatutumi chochote kwenye namba yoyote!" Akakata.

Chande akavuka ua kwenda kumhadithia Bi Mize kisa cha tapeli mwenye sauti ya yule msomaji mpya wa redioni. Laiti angejinyamazia. Maana nyie mnajua, na kama hamjui niwaambie, kwamba Nchini mtu mzima hapewi habari ya msiba kwa ghafla. Huo ni ushenzi. Anaambiwa kwanza mgonjwa ana homa. Kesho mgonjwa kazidiwa kidogo. Kesho kutwa njoo umwone, na kumbe huyo mgonjwa ameshazikwa na udongo umekauka. Bi Mize mwenyewe katika ujana wake alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Binamu mmoja alimweka mahututi wiki nzima baada ya maziko, mpaka ndugu wa mbali wote wamefika na wamekula. Mchezo huo hakuna aliyeweza kumchezea.

"Chande," alisema, "keti. Redioni amewekwa mwingine. Sasa mtu anapiga simu kwa sauti ile ile ya yule mwingine, anasema ni Sudi, anasema atakuja akipona. Akipona nini? Wewe huoni?"

"Sioni, Bi Mize."

"Na mimi ndiye kipofu! Wananificha. Wananiandaa pole pole. Mwanangu ameshakufa."

Chande akabisha kidogo, kwa adabu, na kadiri alivyobisha ndivyo Bi Mize alivyozidi kuwa na hakika, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanaoficha wanavyobisha. Alilia siku ile na siku iliyofuata. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akasema kama hao wa mjini hawana moyo wa kusema, atasema yeye. Akamwamuru Chande aandike tangazo, akampandisha gari la mjini alipeleke redioni.

Saa saba mchana. Sudi alifungua bahasha, akaanza kusoma, mdomo umekenua kama ilivyoagizwa.

"Bi Mize binti Shomari wa Sengesenge," alisoma, na macho yake yakafika pale kabla ya sauti, na sauti ikaendelea kwa kuwa ilikuwa imefundishwa kuendelea, "anawatangazia ndugu na jamaa kifo cha mwanawe mpenzi, Sudi Mtangi, aliyekuwa mtangazaji wa Redio ya Taifa, kilichotokea siku asiyoijua kwa kuwa amefichwa. Habari ziwafikie wote waliokuwa wakimficha, popote walipo, kwamba ameshajua na wasihangaike tena. Matanga yapo nyumbani. Na kijana anayesoma badala yake anaambiwa asante, anasoma vizuri, lakini asipige tena simu akijifanya."

Akamalizia: "Wametangulia kwa furaha." Akazima kipaza sauti. Alingoja moyo ushituke. Akaweka mkono kifuani kuusikiliza na moyo ulikuwa unakwenda taratibu tu, unafanya kazi yake.

Mkurugenzi Kitundu aliingia mbio, amefungua mikono. "Ndugu Sudi! Hongera! Sauti haikutetemeka! Hata chembe! Waziri amepiga simu mwenyewe, anasema huo ndio uzalendo."

"Mkurugenzi, mimi niko hai."

"Hilo ni suala lako binafsi."

"Naomba tangazo lisahihishwe."

Kitundu akaketi, akapanga vidole vyake juu ya meza. "Sudi, wewe ni mkongwe, unajua taratibu. Tangazo la kifo hufutwa na aliyelileta. Sisi redio hatuwezi kuamka tu tukasema mtu hajafa, watu watatuelewaje? Wataanza kutuuliza na mengine." Akafikiri, akalainika. "Ila ruhusa ya kwenda msibani nakupa. Wewe na marehemu mlikuwa karibu. Na hili la vumbi tutalifumbia macho."

Akampa na mfuko wa mchele, rambirambi za wafanyakazi wenzake, aupeleke kwa wafiwa. Wafanyakazi wenzake walimsindikiza mpaka getini, wakampa pole, na mmoja wao alilia kwa uchungu kabisa, akamwambia Sudi kwamba marehemu alikuwa mtu mwema sana.

Alifika Sengesenge mchana wa siku ya pili, mchele begani. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa inatokota. Walipomwona anaingia ameng'arisha meno yote, mzee mmoja aliinuka nusu.

"We bwana! Unacheka matangani kwa watu?"

Sudi akajiziba mdomo kwa mkono. Ndipo wakamtazama vizuri, na mazungumzo yakakatika. Walimjua. Amekulia hapo, hao wengine alicheza nao. Lakini hakuna aliyetamka jina. Mmoja alitazama miguu yake, mwingine akaanza kuhesabu shanga za tasbihi.

"Mnafanana sana," alisema yule mzee hatimaye, kwa adabu, akamsogezea nafasi mkekani.

Mjumbe Chande akamkamata mkono, akamvuta nyuma ya jiko. Jasho lilikuwa limelowanisha koti lake.

"Sudi?"

"Ndiyo mimi, Mjumbe."

"Mungu wangu. Mbona umekuja?" Chande aliangalia kulia na kushoto. "Redio ya Taifa imesema umekufa. Mimi nimeshapeleka taarifa wilayani, wilaya imeshapeleka mkoani, na mkoa umetuma salamu za pole. Sasa ukiwa hai, nani mwongo? Mkoa?"

"Sikusema hivyo."

"Redio? Tangazo lilisomwa na nani?"

"Na mimi."

"Ala! Umesema mwenyewe kwa kinywa chako, nchi nzima imesikia, leo unakuja kunigeuka mimi?" Lakini Chande hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amekula sana kwenye nyumba ile. Akakuna kichwa. "Sikiliza. Mwenye tangazo ni mama yako. Yeye akisema huyu ni mwanangu, mimi nitaandika limefutwa, liwalo na liwe. Akikataa, utakula ubwabwa na wenzako, utarudi ulikotoka. Tumeelewana?"

Basi ikabaki hapo. Ulimwengu mzima, na mkoa, ulikuwa unasubiri neno la mama mmoja kipofu.

Bi Mize alikuwa amekaa chumbani juu ya mkeka, amejifunika kanga mpaka kichwani, wanawake wamemzunguka. Redio ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa. Sudi akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana," alijibu Bi Mize.

Bwana. Sudi alilisikia neno hilo, akalielewa, akangoja limchome.

"Mama, ni mimi. Sudi. Sikufa. Nilitengenezwa meno tu."

Wanawake wakashika midomo. Bi Mize hakukasirika, alichoka tu. "Kwanza mlipiga simu," alisema, "leo mmeniletea na mtu. Kwani mnaniogopea nini? Nimeshajua, nimeshalia. Lete uso."

Akanyoosha mikono. Vidole vyake vikapanda kwenye paji la Sudi, vikapita nyusi, vikasita. "Paji ni lenyewe," alinong'ona. Chande, mlangoni, alitoa kalamu mfukoni. Vidole vikashuka puani. "Pua ni ya baba yake." Vikashuka tena, vikafika mdomoni, na kidole kimoja kikaingia moja kwa moja mahali pale katikati, mahali alipozoea kukitia tangu Sudi hajaota magego, akimchekesha. Kikateleza. Kikaenda kushoto kikateleza, kikarudi kulia kikateleza, kikapanda juu kwenye ufizi kikakuta umenyooka kama ukingo wa bakuli. Sudi hakukihisi hicho kidole. Alikuwa anakiona tu, kikitafuta.

"Sema Sengesenge," alisema Bi Mize.

"Sengesenge."

"Sema tena."

"Sengesenge, mama. Sengesenge. Sudi wa Sengesenge." Alisema kwa nguvu zake zote, alitanua midomo, alisukuma pumzi mpaka kichwa kikamzunguka. Kaure haikupitisha kitu.

Alitamani kulia. Alijua kama chozi moja lingedondoka kwenye mkono ule, lingetosha. Akakaza macho, akafinya kope. Kukavu. Na vidole vya mama yake vilikuwa bado mdomoni, na vilikuwa vimegundua jambo jingine.

"Halafu unacheka," alisema Bi Mize, akaondoa mikono, akaipangusa kwenye kanga. "Mwanangu hawezi kunicheka leo."

Mlangoni Chande alirudisha kalamu mfukoni.

Sudi alibaki kwenye magoti yake. Aliwaza aseme jambo la siri, la wao wawili tu, na mambo hayo yalikuwapo mengi, aliyaona yote yamepangwa kichwani. Lakini aliona pia lile atakaloambiwa: marehemu ndiye aliyekuhadithia. Na kusema kweli alikuwa amechoka, na hakuwa na uchungu wa kumsukuma. Mtu anayeumwa hupiga kelele. Yeye hakuwa anaumwa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mimi ni mwenzake wa kazini. Nimeleta mchele."

"Ahaa," Bi Mize akashusha pumzi. "Sasa umesema ukweli. Wewe ndiye unayesoma siku hizi?"

"Ndiye mimi."

"Mlikuwa pamoja mpaka mwisho?"

"Tulikuwa pamoja."

"Alikufa na nini?"

"Alikwenda kutengenezwa meno."

"Ya nini? Meno yake yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote hapa." Wanawake waliitikia kwamba kweli yalikuwa mazuri.

"Walimwahidi, akitengenezwa, wewe utapasuliwa macho."

Bi Mize aliikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Nje mtu aliita wanaume waje kunawa, chakula kimeiva.

"Mjinga yule," alisema mwishowe, taratibu, na machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye yale macho meupe. "Mimi nilikuwa namwona kila siku saa saba." Akatafuta mkono wa mgeni, akaupata, akaushika. "Niambie kweli, bwana. Aliumia?"

"Hapana, mama. Walimchoma ganzi kwanza."

"Afadhali," alisema Bi Mize. "Afadhali hivyo." Akaupapasa ule mkono, kisha akauachia. "Ukirudi kusoma, usikimbie kwenye majina ya watu. Yeye hakuwa akikimbia. Na ukisalimia wazee, mimi sitaitika. Usione sina adabu."

"Haina neno, mama," alisema Sudi.

Akatoka nje. Walimkaribisha mkekani, wakamnawisha, wakamwekea ubwabwa, akala na wenzake kama alivyoambiwa. Katikati ya kula Chande alimgusa bega, akamwonyesha sahani: upande wake wali ulikuwa umelowa damu. Alikuwa ameutafuna mdomo wake wa chini, pande zima. Akajifuta kwa kiganja, akasogeza ule wali mwekundu pembeni, akaendelea kula.